Bi Kigoda na Kibaraza Tulichomkatalia

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Mkuu wa Kitengo cha Mipango ya Ardhi katika Halmashauri yetu ya Wilaya atafunga droo yake, atakabidhi funguo na kutoka getini akiwa raia wa kawaida. Jina lake la kwenye faili halitumiwi na mtu. Kuanzia mlinzi hadi Mkurugenzi, sote tunamwita Bi Kigoda. Kamati ya sherehe imenipa kazi ya kuandika wasifu wake, ikaniomba uwe wa furaha, wenye adabu na mfupi. Furaha ipo. Adabu nitajitahidi. Kuhusu ufupi, kamati ilijua inamkabidhi nani.

Niseme mapema kwamba wasifu huu unaandikwa na mtu mwenye wivu. Nimesoma vitabu kadhaa vinavyouweka wivu kwenye kundi la maradhi ya roho ndogo, na sikubaliani navyo hata kimoja. Shamba lolote linaloendelea kuwa shamba kandokando ya mji unaokua limebaki hivyo kwa sababu kuna mtu aliyekuwa na wivu nalo. Bi Kigoda alikuwa na wivu na ardhi yetu kwa miaka yote hiyo, na sisi aliotulea tumeambukizwa. Hata hivyo, msomaji asitarajie habari za mashamba tu. Ndani ya wasifu huu kuna nyumba moja, ya Bi Kigoda mwenyewe, ambayo hadi wiki chache zilizopita hakuna aliyeweza kuapa kwamba ingejengwa.

Kwa faida ya wageni waalikwa, Ukanda ni yale mashamba yanayoanza pale lami ya Jiji inapokatika hadi kwenye daraja la chuma. Kodi yake inakusanywa na Wilaya, barabara zake zinachongwa na Wilaya, na mbuzi wa huko wakila mazao ya jirani, kesi inaletwa Wilayani. Lakini sheria ya mipango inalipatia Jiji sauti juu ya kila kinachojengwa humo, kwa hoja kwamba mji unakua na siku moja utafika. Kwa hiyo mtu akitaka kusimamisha hata banda la kuku la tofali, anahitaji mihuri miwili, wa kwetu na wa kwao. Jiji linautazama Ukanda kama mchumba anayesubiri tu tarehe ya harusi. Wilaya inautazama kama binti ambaye hajamwambia mtu kwamba anataka kuolewa. Katikati ya macho hayo mawili wanaishi watu, nao wanalima.

Bi Kigoda aliingia hapa na shahada mbichi na viatu vyeupe, mwanamke wa kwanza katika kitengo, na wenzake wakamwekea meza ya pembeni karibu na choo. Viatu vilibadilika rangi wiki ileile. Meza haikuhama kamwe, maana baada ya miaka michache kitengo kizima kilikuwa kimeisogelea.

Kigoda chenyewe kilizaliwa na hasira. Siku moja alikwenda Ukandani kukagua shamba pamoja na ofisa wa Jiji. Ofisa yule hakushuka garini. Alipandisha kioo kwa sababu ya vumbi, akaiweka ramani gotini, akagonga muhuri, akaomba arudishwe mjini kabla ya chai kupoa. Bi Kigoda alirudi nyumbani akichemka, akamwambia mumewe, ambaye ni fundi cherehani, amshonee kiti cha kukunja cha turubai imara. Tangu hapo hakuidhinisha ujenzi kwenye shamba ambalo hakulikalia. Alikwenda, akakikunjua kigoda katikati ya kiwanja, akakaa, na yeyote mwenye neno akaja kukaa naye: juu ya jiwe, juu ya mpini wa jembe, juu ya ndala zake mwenyewe. Kanuni ya kikao ilikuwa moja, kwamba hakuna anayesema akiwa amesimama. Mgeni alipouliza sababu, jibu lilikuwa lilelile: "Mtu akisimama anahutubia. Akikaa anasema."

Si haki kuzungumzia kazi yake bila kuligusa Jiji, na sitajifanya kwamba naligusa kwa mkono mtulivu. Wenzetu wana jengo la vioo, hewa ya baridi kwenye korido na lifti inayotangaza ghorofa kwa sauti ya mwanamke mpole. Sisi tuna dirisha linalofungwa kwa kuegemezewa faili. Wakati wa chai, mtu yeyote akirudi kutoka kwao huulizwa kwanza habari za lifti. Tunawaonea wivu kwa lifti hiyo mchana kutwa, ingawa jengo letu halina ghorofa.

Wivu huo ndio uliozaa kisa cha vigingi, ambacho watumishi wapya wanastahili kukisikia kwa usahihi, maana kimetiwa chumvi nyingi. Jiji lilitangaza barabara ya mzunguko itakayopita Ukandani. Mkurugenzi wetu wa wakati huo, badala ya kuipinga, aliagiza tuchore ya kwetu, pana zaidi, inayopita hatua chache kutoka ile ya kwao. Wapimaji wa Jiji walipigilia vigingi vyeupe, wa kwetu wakapigilia vyekundu, na safu zote mbili zikapita ndani ya bustani ya mkulima mmoja wa nyanya. Msimu ulipofika, hapakuwa na kigingi ardhini kinachoonyesha barabara. Mkulima alikuwa ameving'oa vyote, akavigawa mstari kwa mstari na kuvifungia miche yake. Bi Kigoda alikwenda, akakunjua kigoda, akamuuliza kama anajua vile ni mali ya serikali.

"Naijua serikali, mama," mkulima alijibu, akiwa amechuchumaa kwenye tuta. "Ila nyanya zangu hazijui Wilaya wala Jiji. Zenyewe zinajua kuanguka."

Kikao kile kilichukua asubuhi nzima, na safari hii ofisa wa Jiji alishushwa garini. Barabara ilihamishiwa kwenye mgongo wa kilima, kwenye njia ya zamani ya mifugo, ambako haikuvunja nyumba wala kuzika kisima. Gazeti likaandika kwamba Jiji limeonyesha busara. Bi Kigoda alinuna wiki nzima. Mkulima amekuwa akiitwa Babu Nyanya tangu siku hiyo, na kila msimu huleta ndoo moja ofisini kwetu. Tumechunguza kwa siri na kujiridhisha kwamba Jijini hapeleki.

Mafanikio mengine yapo, nami nitayataja kwa kasi kwa sababu mwenyewe hapendi yatajwe taratibu. Zahanati ya Ukandani ilijengwa baada ya yeye kuwakalisha watu wa Jiji na wa Wilaya kwenye mkeka mmoja, kila upande ukiwa umekuja kuupinga mchoro wa mwenzake bila kuusoma. Soko la jioni limebaki mahali linapofikika kwa miguu, wala halikuhamishiwa palipo na maegesho. Na ule mkondo wa nyasi unaoshuka kutoka kilimani hadi bwawani, ambao mvua zikinyesha hupitisha maji ya Ukanda mzima, haujajengwa kitu mpaka leo. Tajiri wa maghala alitaka kuufunika kwa zege, akakataliwa. Mchungaji alitaka kuweka kona ya ukumbi wa kanisa, akakataliwa kwa heshima zote. Watu wamekataliwa vyoo kwenye mkondo ule. Naomba msomaji aukumbuke mkondo huu, tutarudi kwake.

Nyumbani kwake hali ilieleweka. Mumewe, ambaye amelibadilisha turubai la kigoda mara nyingi kuliko anavyokumbuka, aliwahi kutuambia mlangoni, akiwa na sindano mdomoni: "Jamani, mimi nina mume mwenzangu. Anaitwa Ukanda. Na bado mimi ndiye ninayemshonea kiti."

Nilijiunga na kitengo miaka mitatu iliyopita, nikiwa na shahada yangu na, kwa maneno ya Bi Kigoda, mdomo wa kutosha watu wawili. Alinipachika jina la Msomi. Alilitumia kwa namna ambayo ilinichukua muda kujua kama ni sifa. Wakati huohuo Jiji liliajiri mwenzangu wa darasa, mwanamke ambaye nilikuwa nikipokezana naye nafasi ya kwanza chuoni. Haki inanilazimisha kuandika kwamba mpokezano huo ulipofikia mtihani wa mwisho, nafasi ilikuwa mikononi mwake. Yeye alikuja kwenye vikao vya Ukanda bila gari, kwa miguu kutoka mwisho wa lami, akakaa chini, akasikiliza. Bi Kigoda akaanza kumwita "binti yangu". Mimi niliyeshinda naye chumba kimoja, niliyeijua sauti ya kukohoa kwake, niliitwa Msomi. Yule wa vioo akaitwa binti. Niliuma ulimi, lakini roho iliniuma zaidi.

Sasa nyumba. Bi Kigoda na mumewe wamekaa kwenye nyumba ya Halmashauri muda wote wa ajira, na mtumishi akistaafu anaihama. Kiwanja pekee walicho nacho ni kipande alichorithi kwa mama yake, Ukandani, kinachopakana na bustani ya Babu Nyanya. Mapema mwaka huu alipanga foleni dirishani kwetu kama mwananchi mwingine yeyote, nyuma ya mtu aliyefuatilia kibali cha mashine ya kusaga, akawasilisha ombi: nyumba ya vyumba vitatu, na mbele yake kibaraza kipana cha kukaa jioni. Bila mihuri miwili, wangehamia kwa mkwe wao. Wenye wakwe wanaelewa.

Ikaanza vurumai ya mapenzi. Mkurugenzi alisema tumgongee muhuri siku hiyohiyo, tumkabidhi siku ya sherehe pamoja na keki. Habari zikapanda lifti. Tukasikia kwamba Jiji nalo limeshaandaa idhini yake, na imewekwa kwenye fremu. Hapo kwetu hakuna aliyelala vizuri. Kupitwa na Jiji kwa barabara ni jambo moja. Kupitwa kwa zawadi ya mama yetu ni jambo jingine kabisa. Tulikuwa tunatafuta fremu kubwa zaidi Bi Kigoda alipoingia ofisini, kitenge kimepinda, macho makavu.

"Kwa hiyo mmenipangia aibu," alisema. "Nistaafu nikiwa mtu wa kwanza Ukandani kujenga bila kukaliwa?"

"Mama, ni heshima tu," Mkurugenzi alijaribu.

"Heshima ni mje mkae. Alhamisi. Na hao wa lifti waje pia."

Alhamisi tulikwenda. Mwombaji hawezi kukikalia kigoda kwenye ombi lake mwenyewe, kwa hiyo alipindua ndoo akaikalia, mumewe kando yake juu ya tofali. Swali lilikuwa nani akikalie kigoda. Mimi nilikuwa nimeshakikunjua. Bi Kigoda alikichukua mikononi mwangu kwa upole ambao sijausahau, akampa yule mwenzangu wa Jijini, akieleza kwamba mtu wa ofisi yake mwenyewe hawezi kuongoza kikao juu ya bosi wake. Hoja hiyo ilikuwa sahihi. Nimeitafuta kasoro hadi leo na sijaiona, jambo linaloniudhi.

Babu Nyanya alifungua. Alisema hana neno na nyumba, ila angependa kujua maji ya paa yatakwenda wapi. Swali lile ndilo lililonifanya niufunue mchoro upya, nikaona kitu ambacho ofisi mbili, katika mbio za kutafuta fremu, hazikukiona. Nyumba ilikuwa kwenye kiwanja salama. Kibaraza kilikuwa kimeingia ndani ya mkondo wa nyasi. Mkondo uleule.

Nilisimama.

"Msomi, kaa chini," Bi Kigoda alisema.

"Mama, nguzo za kibaraza ziko ndani ya mkondo."

"Kaa chini kwanza, ndiyo useme."

Sikukaa. Nilieleza nikiwa wima, ramani mkononi, nikanukuu sheria kwa kifungu na maamuzi yake mwenyewe kwa miaka, la tajiri wa maghala, la mchungaji, la vyoo. Nilizungumza vizuri, waliokuwepo watashuhudia.

"Kibaraza si nyumba," Bi Kigoda alijibu. "Ni kivuli tu."

"Kivuli chenye nguzo sita za zege, mama?" Babu Nyanya aliuliza.

"Wewe nawe! Nyanya zako zimesimama kwa vigingi vyangu!"

"Kimoja chako, kimoja cha Jiji. Sijawahi kupendelea."

Watu wakacheka, naye karibu acheke, akajizuia. Alikuwa anakitaka kile kibaraza. Hilo tuliliona wote. Miaka yote aliwakalia watu kwenye jua la viwanja vyao, na alikuwa amejiahidi kwamba siku akipumzika atakaa kivulini mwake. Mumewe ndiye aliyemaliza, kwa sauti ya chini ya mtu anayeogopa kuharibu kitambaa: "Mke wangu, hapa umewakatalia watu vyoo."

Bi Kigoda aliokota donge la udongo, akalisaga kiganjani, akaliacha lidondoke. Mwenzangu wa Jijini aliuliza kama nyumba inaweza kurudishwa nyuma ili kibaraza kikae vizuri. Tulipima. Nyuma kulikuwa na matuta ya jirani, haikuwezekana. Tukatazamana, yeye na mimi, na kwa mara ya kwanza tangu chuoni tulikubaliana bila kubishana: nyumba ndiyo, kibaraza hapana. Mihuri yote miwili iligongwa siku ileile. Kwa sababu za kiofisi ambazo si lazima nizieleze, wetu ulitangulia.

"Umeona walivyonifanya?" Bi Kigoda alimwambia mumewe wakiondoka. Nimeirudia sauti ile kichwani mara nyingi, na bado sijui kama alikuwa analalamika au anatamba.

Ningependa kuishia hapo, lakini kuna jambo la kigoda, na ofisi nzima inajua kwamba sijalimeza. Jumatatu iliyofuata alimwita mwenzangu wa Jijini akampa kigoda kiwe chake moja kwa moja. Kigoda cha Wilaya, kilichoshonwa Wilayani, kikapanda lifti. Nilikwenda mezani kwake kudai maelezo, na nakiri sikuanza kwa salamu.

"Wizara inafikiria kulikabidhi Jiji Ukanda wote, Msomi. Unajua hilo," alisema. "Ukanda ukienda kwao, uende na mtu anayejua kukaa."

"Na ukibaki kwetu?"

"Ukibaki kwetu, mko nyinyi."

"Basi kwa nini nisipewe mimi?"

"Kiti cha nini, mwanangu, wakati wewe ulisimama?"

Nilibishana naye hadi chakula cha mchana kikapoa, changu na chake. Nilimwambia kwamba ningekaa, nguzo zile pengine zingepita, kwa kuwa mtu aliyekaa mbele ya mama yake huona haya. Alisema huenda. Nilimwambia kwamba kulikabidhi Jiji alama ya kazi yetu kabla Wizara haijaamua ni kama kulipakia mizigo garini kabla halijaomba safari. Alisema huenda. Msimamo wangu haujabadilika, na naomba uhifadhiwe hapa kwa maandishi: kigoda kilipaswa kubaki, Ukanda unapaswa kubaki, na nitakwenda kulisema hilo popote Wizara itakapotuita. Nitalisema nikiwa nimekaa. Ila ilinichukua hadi kufika mlangoni kugundua kwamba katika lile jibu la kiti hakuniita Msomi.

Kwa niaba ya Halmashauri, ya watu wa Ukanda na ya sisi aliotukatalia kwa faida yetu, tunamshukuru Bi Kigoda kwa kazi yake, kwa ukali wake na kwa wivu aliotuachia. Tunamshukuru pia mumewe kwa kutuazima mke muda mrefu hivi. Sasa tunamrudisha, na mume mwenzake amehama. Msingi wa nyumba umeshachimbwa, nje ya mkondo. Bi Kigoda, wewe na fundi wako tunawatakia afya, usingizi mnono na jioni ndefu ambazo hakuna atakayezikatiza kwa ramani.

Na kwa kuwa nyumba haitakuwa na kibaraza, na aliyesababisha ni mimi, najua mgeni atakayekuja jioni hatapata pa kukaa. Wiki iliyopita nilikwenda kwa mumeo nikamwomba anishonee kigoda cha turubai imara. Mwenzangu wa Jijini atakuja na chako. Mimi nitakuja na changu, na nitafika kabla yake.